Outreachy: tathmini ya mpango wa utarajali katika jumuiya za programu huria

Outreachy ni mpango wa utarajali wa miezi mitatu unaofanyika kwa njia ya mtandao, ambao huwalipa watu walioachwa nyuma na sekta ya teknolojia ili wafanye kazi ndani ya jumuiya za programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake (maagizo yanayoandikwa kuziunda) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, chini ya walezi wenye uzoefu. Chimbuko lake ni la mwaka 2006, umepitisha zaidi ya watarajali 1,000, na kila mwaka una mizunguko miwili: mmoja wa Mei hadi Agosti na mwingine wa Desemba hadi Machi. Kwa kuwa nimekuwa nikiwasaidia vijana wa Dar es Salaam na Morogoro, wengi wao wasichana, kuandaa maombi yao, nikashuhudia wengine wakikubaliwa na wengine wakikataliwa, ninaona ni vyema mpango huu upimwe kwa Kiswahili na kwa kina, kama inavyopimwa huduma nyingine yoyote inayomtaka mtu atoe muda wake mwingi kabla hajajua atapata nini.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji ajue ninakoelekea. Posho ya Outreachy ni nzuri, na ile miezi mitatu ya kazi ni mizuri, lakini thamani yake kubwa ninaiona katika yale ambayo jumuiya inalazimika kuyafanya kabla mtarajali hajafika: kuandaa kazi ndogo ndogo ambazo mgeni anaweza kuzimudu, kuteua mtu wa kujibu maswali yake, kuisahihisha miongozo iliyochakaa, na kukubali kwamba mgeni akishindwa kuanza, huenda tatizo liko kwa wenyeji. Udhaifu wake mkubwa nao umo humo humo, katika kipindi hicho cha maandalizi, kwa sababu ndicho kipindi ambacho mwombaji anafanya kazi bila malipo yoyote.

Chimbuko la mpango linaeleza mengi. Mwaka 2006 jumuiya ya GNOME, inayotengeneza mazingira ya kazi yanayoonekana kwenye skrini za kompyuta nyingi zinazotumia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ilipokea maombi 181 ya wanafunzi waliotaka kujiunga nayo kupitia Google Summer of Code, mpango wa Google uliowalipa wanafunzi wachangie programu huria, na hakuna hata ombi moja lililotoka kwa mwanamke. Ingekuwa rahisi kusema, kama wanavyosema wengi hadi leo, kwamba wanawake hawazipendi kazi hizi. Badala yake jumuiya hiyo ilitangaza nafasi kwa ajili ya wanawake peke yao, ikapokea maombi 100, na wanawake sita wakapewa nafasi. Ni katika mwaka ule ule, katika jumuiya ile ile na kwa kazi za aina ile ile. Wanawake walikuwapo muda wote, ila hakuna aliyewaambia waziwazi kwamba wanahitajika. Kila ninapokutana na msimamizi wa mradi anayelalamika kuwa ameacha milango wazi na hakuna anayeingia, humkumbusha hesabu hii.

Mwaka 2010 mpango ulifufuliwa na Marina Zhurakhinskaya, mhandisi wa kampuni ya Red Hat, kwa jina la Outreach Program for Women, na hatua kwa hatua jumuiya nyingine zikakaribishwa, ikiwemo ile ya kiini cha Linux (kernel, sehemu ya msingi ya mfumo huo) mwaka 2013. Shirika la Free Software Foundation liliutunuku tuzo yake ya mwaka 2013 ya miradi yenye manufaa kwa jamii. Mwaka 2015 mpango ulihamia chini ya Software Freedom Conservancy, shirika la Marekani lisilolenga faida linaloongozwa na Karen Sandler, ukapewa jina unalotumia sasa. Zhurakhinskaya alifariki dunia mwaka 2022, naye ameacha kazi ambayo wengi wanaofaidika nayo hawajawahi kulisikia jina lake. Walengwa nao waliongezeka kadiri miaka ilivyokwenda: kutoka wanawake peke yao hadi kila mtu ambaye, katika nchi anamoishi, anakabiliwa na ubaguzi wa kimfumo au ni wa kundi lisilo na uwakilishi wa kutosha katika teknolojia.

Huenda msomaji wa Mombasa au Mwanza akauliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu sana. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Nairobi mwanzoni mwa 2008 wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi, nayo ni programu huria. OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Takwimu za vituo vya afya vya Tanzania na Kenya hukusanywa kwa mfumo wa DHIS2, ambao msimbo wake uko wazi na unaratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Anayeandika msimbo ndiye anayeamua fomu itauliza nini: kama jina la mtu lazima ligawanywe mara mbili, kama anwani lazima iwe na namba ya nyumba, kama familia moja inaweza kutumia namba moja ya simu. Utafiti wa GitHub, tovuti ambako watu huhifadhi msimbo na kushirikiana kuuandika, wa mwaka 2017, uliohusisha washiriki wa programu huria zaidi ya 5,000, ulikuta asilimia 95 ni wanaume na asilimia 3 tu ni wanawake. Kundi hilo dogo na la aina moja ndilo linaloandika fomu ambazo nesi wa zahanati ya kijijini atazijaza kesho asubuhi.

Sasa niingie kwenye huduma yenyewe, nikianza na fedha, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mzazi. Posho ni dola 7,000 za Marekani kwa miezi mitatu, baada ya kupandishwa mwaka 2022. Kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 15 za Tanzania. Lakini ukubwa wa kiasi haunigusi kama usawa wake: mtarajali wa Dodoma analipwa sawa sawa na mtarajali wa Boston. Google Summer of Code, ambayo ni mpango mkongwe na wenye heshima yake, hupanga posho kulingana na gharama za maisha za nchi ya mshiriki, hivi kwamba mradi mkubwa humlipa wa nchi moja dola 3,000 na wa nchi nyingine dola 6,600 kwa saa zile zile za kazi. Ninaielewa hoja ya wanaoutetea utaratibu huo, kwamba dola inanunua zaidi huku kuliko kule. Hata hivyo kompyuta mpakato haiuzwi kwa bei nafuu Kariakoo kuliko New York, na kiraka (badiliko dogo la msimbo) kilichoandikwa Dodoma hakina ubora pungufu. Mpango unaodai kuondoa ubaguzi ulipaswa kuanza kwa kulipa sawa, na Outreachy imefanya hivyo. Katika hili naipa alama zote.

Jambo la pili ninalolisifu ni kwamba haitaki wasifu wa kazi, haitaki cheti cha chuo, haina mtihani wa msimbo wala usaili wa kukaa mbele ya jopo. Mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 18, aweze kufanya kazi saa 30 kwa wiki, asiwe amewahi kuwa mtarajali wa Outreachy wala mshiriki wa Google Summer of Code, na aandike insha fupi za ombi la awali. Insha hizo zinauliza mambo mazito: ni ubaguzi gani wa kimfumo uliokutana nao ulipokuwa ukijifunza, ni wangapi wanaofanana nawe katika mazingira yako ya masomo, na ungekumbana na vikwazo gani kama ungetafuta ajira ya teknolojia nchini mwako.

Hapa ndipo waombaji wetu wengi wanapoanguka, na ninataka nipaeleze kwa kirefu. Binti aliyelelewa vizuri Tanga au Unguja amefundishwa kusitiri ya nyumbani. Hasemi mbele ya wageni kwamba ndugu zake wa kiume walinunuliwa simu na yeye akaambiwa asubiri aolewe. Hasemi kwamba katika maabara ya shule kompyuta zilikuwa chache na wavulana walizikalia wao. Hasemi kwamba mwalimu alimshauri achukue ukatibu muhtasi. Akiulizwa kuhusu vikwazo, ataandika kwamba changamoto zipo kwa kila mtu lakini anamshukuru Mungu amevumilia. Ombi lake linarudi limekataliwa, naye anadhani amekataliwa kwa kukosa akili. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika insha hizi methali hiyo inafanya kazi neno kwa neno. Nilikaa na mwombaji mmoja jioni nzima, rasimu yake ya kwanza ikiwa na sentensi za adabu tupu, mpaka nilipomuuliza nani alikuwa anachota maji nyumbani kwao wakati kaka yake yuko mafunzoni. Akanyamaza, kisha akaandika aya nzima bila kuinua kichwa. Aya ile ndiyo iliyompitisha.

Siulaumu mpango kwa kuuliza maswali hayo, maana bila hayo nafasi zingechukuliwa na wale wale wanaozichukua kila mahali. Ninachokitamani ni mwongozo wa insha uliofikiria watu ambao utamaduni wao unauona unyamavu kuwa heshima, wenye mifano ya majibu yaliyo wazi bila kumdhalilisha anayejibu.

Anayepita hatua ya insha huingia katika kipindi cha michango, ambacho huchukua takriban mwezi mmoja. Huchagua mradi kutoka katika orodha, ambamo kwa miaka tofauti zimekuwamo jumuiya kama kiini cha Linux, Debian, Fedora, GNOME, Mozilla na Wikimedia, na kuanza kufanya kazi halisi chini ya macho ya mlezi. Si mazoezi ya kubuni. Mwombaji wa kiini cha Linux, kwa mfano, huelekezwa kwanza kwenye saraka (folda) ya drivers/staging, vinakowekwa viendeshi (programu zinazowezesha vifaa kufanya kazi na kompyuta) ambavyo havijafikia kiwango cha kukubaliwa rasmi. Huko huendesha programu ndogo ya checkpatch.pl, inayomwonyesha mistari iliyokiuka kanuni za uandishi, kama nafasi zilizowekwa pasipotakiwa na mabano yasiyo na kazi. Anarekebisha, anaandika maelezo ya badiliko, anatia jina lake katika mstari wa Signed-off-by, wa kuthibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo, kisha anatuma kiraka kwa barua pepe ya maandishi matupu kwa msimamizi anayehusika na kwa orodha nzima ya barua pepe. Jibu la kwanza mara nyingi ni kwamba maelezo yanasema kilichofanyika bila kusema kwa nini kimefanyika. Anatuma upya, safari hii akiandika v2 (toleo la pili) kwenye kichwa cha barua, na chini ya vistari vitatu anataja kilichobadilika tangu toleo la kwanza. Kazi ni ya mstari mmoja, lakini ndani yake mgeni amejifunza adabu yote ya jumuiya ile, na kiraka kikikubaliwa, jina lake linaingia moja kwa moja katika historia ya programu inayoendesha simu zote za Android. Nimeuona uso wa binti aliyelikuta jina lake humo. Hakuna cheti cha semina kinachoweza kulingana na hilo.

Na tazama upande wa pili, kwa mwenye mradi. Ili mgeni apewe kazi kama hiyo, lazima mtu fulani aketi aorodheshe kazi zinazomfaa mgeni. Lazima maelekezo ya kuandaa kompyuta yajaribiwe upya, kwa sababu waombaji kumi wakikwama katika hatua ile ile, hakuna anayeweza kudai tena kwamba hatua hiyo iko wazi. Mlezi anatakiwa atenge angalau saa tano kwa wiki. Kwa hiyo hata waombaji wasiochaguliwa wanauacha mradi ukiwa unaingilika kuliko walivyoukuta, na hata kijana atakayekuja mwaka unaofuata bila kupitia Outreachy atanufaika na kazi hiyo. Hii ndiyo sababu ninasema utarajali huu ni chombo cha kuirekebisha jumuiya, na mtu akiuhesabu kama msaada kwa mtarajali peke yake atakuwa amehesabu nusu tu.

Lakini mwezi huo haulipwi, na waombaji ni wengi mno kuliko nafasi: ombi la awali huvutia maelfu, na wanaochukuliwa kwa mzunguko mmoja ni makumi tu. Katika mradi mmoja utakuta waombaji wengi wakigombea kazi chache; mmoja anaichukua usiku wa manane kwa saa za Afrika Mashariki, na mwingine anaamka asubuhi akiikuta imeshakwisha. Mwenye kazi ya mchana, au mtoto mchanga, au bando linalokwisha kabla ya wiki kwisha, hashindani katika uwanja ulio sawa na kijana wa bwenini mwenye intaneti ya chuo. Kuipakua hifadhi ya kiini cha Linux pamoja na historia yake yote ni gigabaiti kadhaa. Ipo njia ya kupakua toleo la karibuni tu bila historia, na ingetosha kabisa kwa viraka vya kuanzia, ila ni miongozo michache inayolitaja jambo hilo, kwa kuwa waandishi wake hawajawahi kununua data kwa kuipima. Umeme nao ukikatika katikati ya kuugeuza msimbo kuwa programu inayofanya kazi, kazi ya saa nzima hukatizwa.

Hivyo mpango ulioundwa kwa ajili ya walioachwa nyuma unachuja kwa kipimo kinachowapendelea waliotangulia kidogo miongoni mwao. Silisemi hili kwa ubaya, na sidhani waratibu hawalioni. Ila ninaamini dawa ipo na si ghali: fungu dogo la data kwa waombaji waliokwisha kupata mchango mmoja uliokubaliwa, na agizo kwa kila mradi kwamba hakuna mwombaji atakayeshikilia kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Miradi mingine tayari ina kanuni hiyo ya pili, na tofauti inaonekana mara moja: waombaji wanaacha kunyang'anyana na wanaanza kusaidiana.

Ubora wa walezi unatofautiana sana. Nimeona walezi wanaojibu kwa upole swali lililokwisha kuulizwa mara nyingi, wanaomtaja mwombaji kwa jina, wanaoeleza sababu ya kila sahihisho. Nimeona pia, katika mradi ambao sitautaja, mlezi aliyenyamaza karibu kipindi chote cha michango huku waombaji wakiendelea kutuma kazi zao kama barua zisizo na mpokeaji. Walipoandika kuuliza, jibu lilikuja limechelewa mno kwa yeyote kuhamia mradi mwingine. Mwombaji hawezi kulijua hilo mapema, isipokuwa aangalie mradi ulivyowajibu wengine katika miezi iliyotangulia, na ningependa kila ukurasa wa mradi uonyeshe wastani wa muda ambao mlezi huchukua kujibu.

Sehemu nyingine ya ukimya huo hutoka upande wetu, na inarekebishika. Kijana wetu huanza kwa salamu, anaandika kwamba anatumaini mlezi ni mzima wa afya, kisha anasubiri aitikiwe ndipo aulize shida yake, kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Mlezi aliye Ulaya au Marekani huiona salamu isiyo na swali, anadhani hakuna linalohitajika, na anaendelea na shughuli zake. Siku mbili zinapita kila mmoja akimngoja mwenzake. Ninawashauri waombaji waweke salamu, swali, walichojaribu na ujumbe wa hitilafu waliouona katika ujumbe mmoja, na katika njia ya mawasiliano inayosomwa na wote badala ya faragha. Vilevile mwombaji aliyezoea kuulizwa habari za nyumbani huusoma ufupi wa mlezi kama hasira. Aliyeandikiwa "ondoa mstari huu, tuma tena" hajagombezwa, ameelekezwa tu, na inafaa aambiwe hivyo mapema ili asikate tamaa bure.

Hata hivyo, si kila ukali ni wa kufikirika. Sage Sharp, aliyekuwa msimamizi wa viendeshi vya USB 3.0 katika kiini cha Linux na ndiye aliyeratibu ushiriki wa jumuiya hiyo katika mpango huu, alitangaza Oktoba 2015 kwamba anaacha kazi ya kiini kwa sababu ya lugha ya matusi na ukatili iliyokuwa ikivumiliwa katika majadiliano. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2018, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa namna alivyokuwa akiwasemesha watu, akapumzika kwa muda, na jumuiya ikapitisha kanuni mpya za maadili. Huwezi kumfungulia mgeni mlango wa mbele kwa miezi mitatu, ukamlea na kumlipa, kisha siku mlezi anapoondoka ukamwachia watu wanaomtukana. Kwa mtazamo wangu, kipimo cha kweli cha jumuiya inayoshiriki Outreachy ni wangapi wa watarajali wake wamebaki hapo baada ya posho kwisha, na wangapi kati yao wamefikia kuwa walezi. Kwa mpango wenyewe dalili ni njema, maana walezi wengi na hata baadhi ya waratibu wake walianza wakiwa watarajali. Kwa jumuiya moja moja, hali ni tofauti tofauti, na ningependa kila jumuiya iitangaze hesabu hiyo wakati wa kuomba nafasi mpya.

Wakati wa utarajali wenyewe, muundo ni mzuri na sina mengi ya kulalamikia. Watarajali hukutana mara kwa mara kwa mazungumzo ya pamoja, na kila baada ya wiki mbili huandika makala ya blogu kwa mada waliyopewa. Mada ya pili inawataka waeleze jambo lililowashinda, wakikumbushwa kwamba kila mtu hukwama. Wazo hilo limenivutia kuliko yote. Mtarajali anayedhani yeye peke yake hajui anayakuta maandishi ya wenzake wote wa mzunguko, kutoka India hadi Brazili hadi Nigeria, kila mmoja akikiri kilichomshinda. Si kazi zote ni za msimbo pia. Ziko za kuandika miongozo, za usanifu wa mwonekano na za kujenga jumuiya, ambazo huhitaji data kidogo na kompyuta ya kawaida.

Kuna tatizo la kalenda ambalo sijaliona likijadiliwa vya kutosha. Mwanafunzi anatakiwa awe na siku 49 mfululizo zisizo na masomo wala kazi ya kutwa ndani ya kipindi cha utarajali. Kwa miaka mingi mzunguko wa Mei umepangwa kwa kuzingatia likizo ndefu za vyuo vya kaskazini mwa dunia, na wa Desemba kwa kuzingatia vyuo vya kusini, vinavyofunga mwaka wa masomo mwishoni mwa mwaka. Tanzania iko kusini mwa Ikweta, lakini vyuo vyake vikuu huanza mwaka wa masomo Oktoba au Novemba na kumaliza Julai au Agosti, na baada ya hapo wanafunzi wengi huenda kwenye mafunzo kwa vitendo ambayo ni sehemu ya shahada. Desemba hadi Machi wako darasani; Mei hadi Julai wako kwenye mitihani. Mwanafunzi hodari kabisa anaweza kukataliwa kwa hesabu ya siku tu. Kwa sababu hiyo, kwa hapa kwetu, mpango huu unawafaa zaidi wahitimu wanaosubiri ajira, waliomaliza kidato cha sita na kutimiza miaka 18, na kina mama waliosimamisha kazi kwa ajili ya malezi na sasa wanatafuta pa kurudia. Vyuo navyo vingeweza kusaidia kwa kuutambua utarajali wa Outreachy kuwa mafunzo kwa vitendo yanayohesabiwa, kwa sharti kwamba ratiba zilingane.

Ikilinganishwa na mipango mingine, ninaiweka Outreachy mbele kwa yeyote anayeanza bila mtandao wa watu wanaomjua. Google Summer of Code tangu 2022 haiwabagui tena wasio wanafunzi, na inawafaa wale ambao tayari wanaweza kuandika pendekezo zito la kiufundi wenyewe. LFX Mentorship ya Linux Foundation ina miradi mingi ya kompyuta za wingu, na posho yake nayo hubadilika kwa nchi. Kwa kuwa aliyewahi kushiriki Google Summer of Code hawezi tena kupata Outreachy, mwombaji apange mapema ni ipi aianze.

Ninampendekezea mpango huu mtu aliye tayari kuuchukulia mwezi wa michango kama mafunzo yanayojitosheleza, akijua kwamba huenda asichaguliwe na bado akabaki na viraka vyenye jina lake. Simpendekezei mtu anayehitaji fedha ndani ya miezi miwili ijayo, kwa sababu kutoka insha ya kwanza hadi malipo ya kwanza ni safari ndefu, na posho hailipwi yote kwa mkupuo. Jumuiya zinazofikiria kushiriki ninazishauri zisitafute mfadhili kabla ya kumpata mlezi mwenye subira, kwa kuwa fedha bila mtu wa kujibu maswali zimeshawapotezea waombaji wengi muda wao.

Maombi ya awali ya mzunguko wa Mei kwa kawaida hufunguliwa Januari, na ya mzunguko wa Desemba hufunguliwa Agosti, nayo hufungwa haraka. Anayeulenga mzunguko wa Mei aandike rasimu za insha Desemba, ampe mtu anayemwamini azisome, na wakati huo huo apakue mradi mmoja au miwili anayoipenda, ajaribu kuiendesha kwenye kompyuta yake na kuorodhesha kila mahali alipokwama. Orodha hiyo, ikiandikwa vizuri na kutumwa kwa wenye mradi, mara nyingi ndiyo inayokuwa mchango wake wa kwanza.